Mama Anaomba Kile

"Kata!" alipiga kelele Sebastiani kwa mara ya sita asubuhi ile, akavua miwani ya Mheshimiwa Mchakato na kujifuta jasho kwa ncha ya tai. "Mama, neno ni moja tu. Moja! 'Mheshimiwa, tunaomba daraja.' Basi. Umemaliza, unakaa."

Mama yake, Imakulata, alikuwa amesimama kando ya korongo, amejifunga shuka jipya alilolitunza kwa ajili ya Pasaka. Alitikisa kichwa kukubali. "Nimesikia, mwanangu."

"Haya. Tunarekodi!"

"Mheshimiwa," alisema mama kwa sauti kavu yenye uzito, sauti ambayo waigizaji wa mjini huitafuta miaka kumi wasiipate, "tunaomba... kile cha kupitia juu."

Vijana wa kamera wakacheka. Mmoja aligeuka kabisa ili asionekane meno, lakini mabega yakamsaliti.

Nani asiyemjua Sebastiani? Kama una televisheni, au una jirani mwenye televisheni, unamjua. Kila Jumamosi saa moja jioni huvaa koti linalomzidi, hufunga mto tumboni, na kuwa Mheshimiwa Mchakato, kiongozi ambaye ukimuuliza maji, shule au dawa, hukujibu kwa upole mkubwa kwamba jambo hilo liko kwenye mchakato. Siku hizi hata mtoto akitumwa dukani na kuchelewa hujitetea hivyohivyo, na mzazi hushindwa kumchapa kwa kucheka. Sebastiani ndiye huandika, ndiye huongoza, ndiye huigiza. Watu kumi na wanane hula kwa kipindi hicho.

Sehemu ya mwisho ya msimu aliamua kuja kuirekodi nyumbani kwao, katika kijiji kimoja kati ya Hirbadaw na Gehandu, chini ya mlima Hanang. Jina la kijiji sitalitaja. Kuna watu wana simu na muda mwingi. Kijiji kina korongo, na ng'ambo ya korongo kuna shule, zahanati na mnada. Mawe ya msingi ya daraja yapo mawili, kila moja lina utepe wake uliokwisha kuoza. Daraja lenyewe halipo. Mvua zikija, mama wa watu mwenye wajukuu hubebwa mgongoni na kijana asiyemjua, kama gunia la mahindi, huku wakwe zake wakitazama. Sebastiani aliliona hilo Desemba iliyopita, na aliyebebwa alikuwa mama yake. Hakulala mpaka alipopata wazo: Mheshimiwa Mchakato aje kuzindua daraja ambalo halipo.

Mwigizaji aliyepangiwa nafasi ya mama wa kijiji aliishia Babati, ameshikwa na homa. Ndipo Sebastiani akamtazama mama yake na kusema, kwani tunahangaikia nini?

Sasa mara sita zilikuwa zimepita.

"Jamani," alisema Onesphory, mtu wa kituo cha televisheni aliyetumwa kuhakikisha kazi inafika Arusha Alhamisi, "huyu bibi hajui Kiswahili? Mtafuteni mwingine. Neno dogo hivi!"

Alilisema mbele ya watu wote. Imakulata akavuta shuka hadi mdomoni, akatazama chini. Mwanamke aliyezaa watoto saba na kusimamia zizi la ng'ombe tangu utotoni mwao alisimama pale kama mwanafunzi aliyekosea hesabu ubaoni. Iliuma kuona.

Mzee Clement, mumewe, aliinuka kwenye jiwe alilokalia, akaegemea fimbo yake. "Sebastiani. Njoo hapa."

"Naam, baba."

"Kule kwenye televisheni wanaandika wewe ni nani?"

"Sebastiani Gidaraja, baba."

"Gidaraja ni nani?"

"Ni babu. Baba yako."

"Na mama yako ni nani kwa Gidaraja?"

"Ni mkwe..." alisema Sebastiani, na hapohapo akakumbuka. Mto wa Mheshimiwa ulimteremka tumboni na hakuushika.

Kwa Wadatoga, kabila lao, mwanamke akiolewa hataji jina la baba mkwe wake. Hataji jina, na hataji neno lolote linalofanana na jina hilo kwa sauti, hata kama mzee amekufa zamani na ng'ombe wa msiba wameshazaa vitukuu. Ni heshima. Basi chukua jina Gidaraja, ondoa ile "Gi" ya mbele, halafu usome mwenyewe kilichobaki. Imakulata alikuwa na miaka arobaini na mitano ya ndoa hajalitamka neno hilo, wala kwa Kidatoga wala kwa Kiswahili. Na mwanawe, msomi, aliyelibeba jina la babu yake kila Jumamosi mbele ya nchi nzima, alikaa mezani Arusha akaandika kurasa kumi na nne, akaliweka neno lile mara thelathini na moja, na hakukumbuka.

"Unataka mama yako amtukane baba yangu mbele ya hiyo mashine?" aliuliza mzee. Hakupaza sauti. Afadhali angepaza.

"Nisamehe, baba. Mama, nisamehe. Niliona ni neno tu."

"Hukukosea kwa ubaya," alisema Imakulata. "Mji umekuosha sana, basi."

Onesphory, ambaye sasa alikuwa ameeleweshwa na nusu ya kijiji kwa wakati mmoja, alikohoa na kuanza kuipangusa simu yake isiyo na vumbi.

&nbsp;

Mchana simu hiyo ililia. Pale kijijini mtandao hupatikana juu ya kichuguu kimoja tu, kwa hiyo watu wote walimwona Onesphory akipanda, akisimama wima, akisema "ndiyo mzee, ndiyo mzee", na kushuka taratibu.

"Seba, kaa chini kwanza."

"Sema tu."

"Huko ofisini wamesikia tunarekodi wapi. Kuna mtu amepiga simu. Sijui nani, usiniulize. Wanasema suala la daraja hilo ni nyeti. Kipindi kirushwe, lakini neno 'daraja' lisisikike."

"Kipindi kizima kinahusu daraja!"

"Najua."

"Ni kama kuniambia nitangaze mpira nisiseme goli!"

"Ndugu yangu, mimi natumwa. Mkataba wako wa msimu ujao uko mezani kwa mkurugenzi, haujasainiwa. Neno hilo likisikika hata mara moja, hawarushi, na mkataba hausainiwi. Amesema nikwambie hivyohivyo."

Judica, msaidizi wa Sebastiani, binti wa Dongobesh mwenye kalamu nyuma ya sikio saa zote, aliufunga mswada wake kimyakimya. Kazi ya miaka minne ilikuwa imefika ukingoni mwa korongo na haina pa kuvukia. Sebastiani alikaa kwenye tairi la akiba, tai shingoni, akawaza watu wake kumi na wanane. Mpiga kamera ana mapacha wa miezi mitatu. Yeye mwenyewe, nje ya Mheshimiwa Mchakato, ni nani? Hofu ilimshika kweli.

Imakulata alikuja na kibuyu cha maziwa, akamkuta hivyo. "Kuna nini tena?"

"Mama, hawataki tulitaje lile neno. Tukilitaja tumekwisha."

"Lipi?"

"Lilelile."

Mama aliweka kibuyu chini. Alianza kucheka taratibu, akacheka mpaka akashika kiuno. "Kwa hiyo huko mjini nao wana baba mkwe?"

Judica alikuwa wa kwanza kuelewa. Aliruka juu kama aliyekanyaga siafu. "Bosi! Bosi, mama anaweza! Mama ndiye peke yake anayeweza!"

"Sio mimi peke yangu," alisema Imakulata. "Wanawake wote walioolewa ukoo huu hawalitaji. Tuko kumi na mmoja. Niwaite?"

Sebastiani alisimama. Macho yake yalikuwa yamewaka tena kwa mara ya kwanza tangu asubuhi. "Waite, mama! Waite wote!"

Wakaja, wengine na mikono ya unga, mmoja na mtoto mgongoni, na somo likaanza palepale kwenye kivuli cha gari la kituo. Vijana wa kamera, waliocheka asubuhi, sasa walikaa chini kwa adabu.

"Tuseme darasa," aliuliza Judica, kalamu mkononi. "Linafanana, si ndiyo?"

"Nyumba ya kuandikia," walijibu wanawake.

"Baraza?"

"Kikao cha nje."

"Mtoto akifaulu, ana daraja la kwanza?"

"Amewapita wenzake!"

"Sasa sikilizeni," alisema Imakulata, na huyu hakuwa tena yule bibi wa kuvuta shuka mdomoni. "Ukiliogopa neno usilikimbie. Ukilikimbia watu wanaona unakimbia. Lizunguke polepole. Ukilizunguka vizuri, kila mtu analiona limekaa pale katikati, na wewe hujaligusa."

Sebastiani alirudia maneno hayo chini kwa chini. Alisomea uongozaji miaka miwili na hakuna mwalimu aliyewahi kumwambia jambo la maana kama hilo.

"Safi sana!" alisema Onesphory, akisahau hofu yake. "Basi twendeni tukarekodi pale kwenye dara—"

Wanawake kumi na mmoja, kwa utani, wakaziba masikio kwa pamoja na kupiga yowe. Onesphory alishika mdomo wake kwa mikono miwili, na kijiji kikamcheka mpaka ng'ombe wakageuka kutazama.

&nbsp;

Walirekodi saa kumi jioni. Vijiti viwili vilichomekwa ukingoni, utepe mwekundu ukafungwa, na nyuma ya utepe hapakuwa na kitu ila korongo na maji ya udongo yakipita chini. Mheshimiwa Mchakato alitembea kwa maringo, mkasi kwenye sahani, mto tumboni umekaa sawasawa.

"Ndugu wananchi! Nimekuja kuzindua maendeleo. Mama, una neno?"

"Shikamoo, Mheshimiwa," alisema Imakulata.

"Marahaba, mama."

"Mheshimiwa, tunaomba kile."

"Kile kipi?"

"Kile ulichokuja kukikata utepe."

"Aa, kile! Kile kiko kwenye mchakato."

"Kiko?"

"Kiko."

"Basi pita wewe kwanza, Mheshimiwa, sisi tutafuata."

Hayo ya mwisho hayakuwa kwenye karatasi yoyote. Sebastiani alihisi nywele zikimsimama. Alitazama mbele, akauona utepe, akaliona korongo, akatazama kamera. Alinyanyua mguu mmoja juu ya utupu, akauweka hewani, akauzungusha, akaurudisha. "Mama," alisema kwa unyenyekevu, "mguu huu nao uko kwenye mchakato."

Mwanamke mwenye mtoto mgongoni akajitokeza. "Mheshimiwa, mwaka juzi ulikuja ukakileta, mwaka jana ukakileta tena. Vimekuwa viwili. Tupunguzie, tubaki na kimoja."

"Sisi hatutaki kipya," alidakia mwingine. "Hichohicho cha kwenye magazeti kinatutosha. Tuonyeshe tu mahali pa kukanyaga."

Walimzunguka. Kila mmoja alisema lake kwa heshima, macho chini, na kadiri walivyozidi kutolitaja ndivyo lilivyozidi kuonekana, refu, la zege, lenye kingo mbili, katikati ya hewa ya korongo. Mpiga kamera alikuwa analia kwa kicheko bila kutoa sauti. Mzee Clement, aliyekaa mbali akijifanya haangalii, alipigapiga fimbo chini.

"Kata!" alisema Sebastiani. Halafu, kama si mtu wa miaka thelathini na minane wala si mtu maarufu, alimkimbilia mama yake akamkumbatia na mto ukiwa katikati yao.

Onesphory alikagua picha yote, sikio kwenye spika, kidole hewani kikisubiri kuhesabu. Hakikushuka hata mara moja.

&nbsp;

Jumamosi televisheni ya dukani, ile ya sola, ilitolewa nje. Watu walijaa hadi kwenye toroli. Imakulata alipojiona alisema tu, "Kumbe nimezeeka," lakini aliposema "pita wewe kwanza" watu waliruka juu, na mwenye duka akamwaga soda yake mwenyewe asijali.

Kufikia Jumatatu nchi ilikuwa imeambukizwa. Mnadani Endasak mteja hakuomba tena punguzo, aliomba kile. Wanafunzi waliomba kile kwa walimu wakimaanisha mapumziko. Klipu ya mguu hewani ilizunguka kwenye simu mpaka ikarudi kijijini, imetumwa na watu wasiojua kwamba ilitoka hapohapo. Kwenye mkutano mmoja mkubwa, mbali na Manyara kabisa, mgeni rasmi alisimama kuhutubia, na sauti ya mama mmoja ikatoka nyuma: "Tunaomba kile!" Inasemekana hotuba ilikuwa fupi.

Lakini kituo kilinyamaza. Wiki ya kwanza hawakupiga simu, na ya pili vilevile. Watu kumi na wanane waliuliza kila asubuhi, na Sebastiani aliwajibu vizuri, kisha akakaa na simu mkononi kama mtu anayengoja majibu ya hospitali. Alishachekwa na nchi nzima kwa mapenzi, na bado hakujua kama ana kazi.

Jumapili ya tatu alirudi kijijini na Judica kuwachinjia wanawake mbuzi, kama alivyoahidi. Judica alikuja na kamera ndogo, maana hawezi kwenda popote bila hiyo. Mvua ilikuwa imenyesha siku mbili mlima mzima wa Hanang, na walipokwisha kuvuka, korongo lilijaa likinguruma, manyunyu yakiendelea. Nyama ilikuwa ndiyo kwanza inageuzwa waliposikia honi ng'ambo.

Alikuwa Onesphory. Alisimama upande wa pili, gari lake limezuiwa na maji, suruali imekunjwa hadi magotini, bahasha mkononi.

"Seba!" alipiga kelele juu ya maji. "Mkurugenzi amesaini!"

"Unasema?"

"Amesaini! Msimu mzima! Sehemu ishirini na sita! Matangazo yamejaa, amekosa ujanja!"

Vigelegele vilivyopanda pale sijui niviandike vipi. Sebastiani alimnyanyua Judica, akamweka chini, akamnyanyua tena. Imakulata alikaa chini, akafumba macho na kuinua mikono kumshukuru Mungu.

"Subirini!" Onesphory alikuwa anapunga bahasha. "Kuna sharti! Simu imepigwa tena! Neno 'kile' ni marufuku!"

"Marufuku vipi?"

"Kipindini, na kwa mfanyakazi yeyote wa kituo akiwa mbele ya kamera! Imeandikwa!"

"Onesphory, kile ni Kiswahili! Nitasemaje kile kiti? Kile chakula?"

"Sijui! Msomaji wa habari jana alisema 'chama... hiki cha mbali'! Mimi nimetumwa!"

"Na lile la kwanza?"

"Lile marufuku vilevile!"

Watu walimtazama Sebastiani, na Sebastiani akamtazama mama yake. Imakulata alisogea ukingoni, akaweka viganja mdomoni.

"Mwanangu Onesphory! Na 'hicho'?"

Onesphory alitoa karatasi, akaisoma kwa kidole mstari kwa mstari, mvua ikimdondokea. Aliinua kichwa. Alikuwa anatabasamu mpaka masikioni. "Hicho hakijaandikwa, mama!"

"Basi mwanangu anasaini!"

Mkataba ulikunjwa, ukaingizwa kwenye chupa ya maji, kizibo kikakazwa, na Onesphory akarudi nyuma hatua tano akairusha kwa nguvu zake zote. Ilianguka kwenye majani karibu na moto. Sebastiani alipasua chupa kwa kisu cha nyama, akasaini karatasi ikiwa juu ya goti la mama yake, na nakala ya kituo ikarudishwa ng'ambo ndani ya kibuyu kidogo kikavu. Onesphory alikidaka kifuani kama golikipa. Kazi ikawa imekwisha. Watu kumi na wanane walikuwa wanakula tena.

"Njoo sasa ule!" Sebastiani alimwita. "Ini lako tumelitenga!"

Harufu ya nyama ilikuwa imeshamfikia. Onesphory alipiga hatua moja, maji yakampiga gotini, akarudi. Alitazama juu, akatazama chini, akahangaika ukingoni.

"Sasa navukaje?" alilalamika. "Toka Arusha sijala! Mnaniita tu, na hapa hakuna—"

Akakwama. Ng'ambo, Judica alikuwa amesimama na kamera mkononi, taa nyekundu inawaka. Onesphory aliiona. Aliutazama mkataba kibuyuni.

"Hakuna nini?" waliuliza wanawake kumi na mmoja kwa sauti moja, kwa adabu sana.

Onesphory alichora kitu kirefu hewani kwa mikono miwili, kutoka upande wake hadi upande wao, akabaki amenyoosha mikono hivyo, mvua ikimnyeshea.

Mzee Clement alicheka mpaka fimbo ikamwanguka. "Mwacheni," alisema. "Huyu naye ameshaolewa kwetu."